Kwa Nini RAM Imepanda Bei Hata Ngamiani

Mwanzoni mwa mwaka 2026 mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kibandani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, laptopu yake ameiviringisha ndani ya khanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii mashine imekuwa nzito. Nikifungua alama za wanafunzi na intaneti kwa pamoja, inaganda. Nimeambiwa niongeze RAM."

Nikafungua mfuniko wa chini. Gigabaiti 4 za DDR4, kizazi kimojawapo cha RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi, na pembeni nafasi moja tupu, safi kabisa. Kazi ya dakika kumi. Nikampigia simu mtu anayeniletea vifaa kutoka Kariakoo, na bei aliyonitajia ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile niliyomlipa mwanzoni mwa 2025 kwa kipande cha aina ileile. Mwalimu akanitazama kimya. Kila fundi anayajua macho hayo, ya mtu anayejiuliza kama anapigwa.

Nilimweleza kwa dakika tano, na naamini hakuridhika, maana habari yenyewe ni ndefu. Inaanzia maabara za Marekani miaka ya 1960, inapita Japani na Korea Kusini, na kila ilipopita kuna teknolojia iliyoshinda na nyingine iliyozikwa. Nataka kuieleza hapa kwa utulivu. Anayeielewa hatamlaumu mchuuzi wa Kariakoo, tena atajua lini anunue na lini asubiri.

Niingilie bandarini. Kwa miaka mingi meli kubwa zilizokuja Tanga hazikufika gatini, kwa kuwa kina cha maji hakikuruhusu. Zilitia nanga mbali, shehena ikashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, kisha mzigo ukapandishwa tena. Hata winchi za meli zingekuwa na nguvu namna gani, muda ulipotelea njiani. Bandari ilipochimbwa hadi kina cha mita 13 na kujengewa gati za urefu wa mita 450, meli zikaanza kufunga gatini na kupakua mojakwamoja.

Prosesa ya kompyuta, yaani chipu inayopiga hesabu, ni mji wenye njaa, na kumbukumbu ndiyo meli yenye chakula. Prosesa za siku hizi zinapiga hesabu mabilioni kwa sekunde, lakini sehemu kubwa ya muda wake huishia kungoja data. Ukitaka kuona kungoja huko, chukua nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, uifanye iwe sekunde moja ya saa ya ukutani. Kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe itajibu kwa sekunde moja hivi. RAM ya kawaida itajibu baada ya dakika moja na nusu. SSD, ambayo ni diski ya flashi, itajibu kesho yake. Diski kuu ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, itakujibu baada ya miezi karibu minne.

Kati ya dakika moja na nusu na siku nzima kuna pengo kubwa. Lishike pengo hilo akilini, kwa sababu mabilioni ya dola yamezama humo.

Aina tatu za kumbukumbu ndizo zilizotufikisha hapa. Ya kwanza ni DRAM, ambayo ndiyo RAM tunayoiongelea dukani. Robert Dennard wa IBM aliiwaza mwaka 1966, na hataza yake ikatoka 1968. Wazo lake ni jepesi ajabu: kila biti, yaani moja au sifuri, ipewe transista moja, ambayo ni swichi ndogo ya umeme, na kapasita moja. Kapasita ni mtungi mdogo wa chaji za umeme. Ukijaa ni moja, ukiwa mtupu ni sifuri. Shida ni kwamba mtungi unavuja. Kwa hiyo mashine hulazimika kuupitia kila mtungi, kuusoma na kuujaza upya, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64, usiku na mchana, mabilioni ya mitungi. Umeme ukikatika vyote vinamwagika. Ndiyo maana umeme wa LUKU ukiisha ghafla, barua uliyokuwa unaiandika bila kuihifadhi inapotea yote.

Ya pili ni SRAM, ambayo haivuji na ina kasi kubwa, ila inataka transista 6 kwa biti moja. Inakula nafasi, inakula fedha, basi tunaipata kwa megabaiti chache tu ndani ya prosesa.

Ya tatu ni flashi. Fujio Masuoka wa Toshiba aliitangaza mwaka 1984, na ile aina ya NAND tunayoitumia kwenye memori kadi, simu na SSD ikafuata 1987. Flashi hufungia elektroni ndani ya tabaka lililozingirwa na kihami, zikakaa humo miaka hata bila umeme. Lakini kila unapofuta na kuandika unakikwaruza kile kihami, na mwisho kinachoka. Chembe, yaani kijumba kimoja cha flashi, inayobeba biti moja inaweza kuvumilia kuandikwa mara 100,000 hivi. Ukiibebesha biti tatu ili upate nafasi kwa bei nafuu, uvumilivu unashuka hadi mara elfu moja au elfu tatu. Ukiibebesha nne, unashuka tena. Wazazi wananiletea flashi iliyobeba picha zote za harusi ya mtoto, hakuna nakala nyingine popote, na mara nyingi sina la kufanya. Tafadhali, wekeni picha hizo mahali pawili.

Je, kwa nini mtungi unaovuja, ulioanza kuwazwa kabla baadhi ya wazazi wetu hawajaoana, bado unatawala? Kwa sababu ni rahisi kuutengeneza kwa wingi. Intel ilipoanza kuuza chipu ya DRAM iitwayo 1103 mwaka 1970, ilibeba biti 1,024 tu, lakini ilitosha kuanza kuiondoa sokoni kumbukumbu ya vipete vya sumaku, ambavyo vilikuwa vikitungwa kwenye nyaya kwa mkono kama shanga. Tangu hapo kila kiwanda kilichojifunza kubana mitungi zaidi kwenye silikoni ileile kilipunguza bei ya biti. Ushindani ukawa mkali hata Intel yenyewe, iliyozaliwa kwa biashara ya kumbukumbu, ikaachana na DRAM mwaka 1985 baada ya kuzidiwa na viwanda vya Japani.

Kila mpinzani mpya aliyekuja alikuta bei hiyo inamngoja mlangoni.

Wanaokumbuka kompyuta za mwaka 2000 watakumbuka RDRAM, ya kampuni ya Rambus. Intel iliibeba kwa nguvu zote, na Pentium 4 za kwanza ziliitaka hiyo tu. Kwenye karatasi ilikuwa na kasi. Lakini ilikuwa ghali, ilipata joto, watengenezaji walitakiwa kuilipa Rambus ada, na nafasi tupu kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ilibidi iwekewe kipande maalumu cha kuunganisha njia, la sivyo mashine haiwaki. Upande wa pili ilisimama DDR, iliyokubaliwa na kampuni nyingi kwa pamoja kupitia chombo cha viwango kiitwacho JEDEC. Haikuwa na maringo, na kiwanda chochote kingeweza kuitengeneza. Kufikia mwaka 2003 ubishi ulikwisha. Vizazi vyote tunavyovishika leo, DDR2 hadi DDR5, ni wajukuu wa mshindi yule.

Kifo kilichonigusa zaidi ni cha 3D XPoint. Julai 2015 Intel na Micron walisimama pamoja wakatangaza kumbukumbu mpya kabisa, wakasema ina kasi mara 1,000 kuliko flashi ya NAND na uvumilivu mara 1,000, na kwamba inabana data mara 10 kuliko DRAM. Haikuwa mtungi wala tabaka la elektroni. Kila biti ilikaa kwenye makutano ya nyaya mbili zilizopishana, ndani ya maada inayobadili ukinzani wake, na umeme ukikatika haikusahau. Intel ikaanza kuiuza mwaka 2017 kwa jina la Optane.

Ahadi zile zilikuwa zimetiwa chumvi, lakini kitu chenyewe kilikuwa kizuri kweli. Rudi kwenye saa yetu ya ukutani: diski ya Optane ilijibu kwa muda wa saa tatu hivi pale ambapo flashi inajibu kesho. Ilikaa katikati ya lile pengo, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nilipoanza kusoma habari zake niliamini kwamba siku moja tofauti ya RAM na diski itakufa, kompyuta itazimwa na kuwashwa na kila kitu kitakuwa pale kilipoachwa.

Ikaangushwa na hesabu. Ili bei ishuke lazima uuze nyingi, na ili uuze nyingi lazima bei ishuke. Kila mwaka Optane ilipojaribu kupunguza gharama, DRAM na flashi zilikuwa nazo zimeshuka. Vipande vyake vya kuchomekwa penye RAM vilikubali prosesa za seva za Intel tu, na programu nyingi zilihitaji kuandikwa upya ili kuzitendea haki. Micron ilijitoa Machi 2021, na kiwanda kilichokuwa kikiitengeneza huko Lehi, Utah, kikauzwa kwa Texas Instruments kwa dola milioni 900. Julai 2022 Intel nayo ikatangaza kwamba inafunga, ikafuta kwenye vitabu vyake akiba ya bidhaa ya dola milioni 559.

MRAM nayo ilipitia njia hiyo, ila ikatafuta kona yake. Huhifadhi biti kwa mwelekeo wa sumaku, haivuji, haichoki haraka kama flashi. Kampuni ya Freescale ilianza kuuza chipu yake mwaka 2006 ikiwa na megabiti 4, yaani nusu megabaiti, wakati ambapo RAM za gigabaiti nzima zilikuwa zimejaa madukani. Kwa wingi haikuweza kushindana. Leo iko kwenye vifaa vya viwandani na vya angani, na viwanda vya chipu vinaitia ndani ya vidhibiti vidogo kwa kuwa flashi inagoma kupunguzwa chini ya kiwango fulani. Hapo ninaiona ikikua, polepole, bila kelele. FeRAM na ReRAM, kumbukumbu nyingine zisizosahau umeme ukikatika, ziko karibu na hapohapo, zikiishi ndani ya kadi, mita na vihisi.

Sasa tufike kwenye kile kinachomgusa mwalimu wangu.

Mwaka 2011 Micron ilikuja na wazo la kupanga chipu za DRAM moja juu ya nyingine kama ghorofa, ikaliita Hybrid Memory Cube. SK Hynix ya Korea Kusini, ikishirikiana na AMD, ikaja na ghorofa yake iitwayo HBM, na JEDEC ikaipitisha mwaka 2013. Kadi ya AMD ya kuchora picha za skrini, ya mwaka 2015, ndiyo iliyotangulia kuitumia. Micron ikaliacha wazo lake mwaka 2018, na leo yenyewe inatengeneza HBM. Tena JEDEC, tena kiwango cha wengi.

HBM haina chembe mpya. Ndani yake ni mtungi uleule wa Dennard, unavuja vilevile, unajazwa vilevile. Kilichobadilika ni gati. Kipande cha RAM cha kawaida kinatuma data kwa njia ya biti 64 kupitia madabodi, umbali wa sentimita kadhaa. Ghorofa moja ya HBM imetobolewa kwa nyaya wima maelfu, inakaa ubavuni mwa prosesa juu ya msingi mmoja, na njia yake ina upana wa biti 1,024. HBM4, iliyopitishwa 2025, imefika 2,048. Meli imeacha matishari, imefunga ukutani, na makreni yamejipanga gati nzima.

Kwa miaka hiyo yote HBM ilikuwa kitu cha wachache. Kisha mwishoni mwa 2022 akili mnemba za kuzungumza zikalipuka. Mashine hizi, kwa kila neno zinalotoa, hulazimika kusoma mabilioni ya namba kutoka kwenye kumbukumbu. Kupiga hesabu si tatizo tena, kubeba namba ndilo tatizo, na anayemiliki gati pana ndiye mwenye soko. Kampuni zinazojenga vituo vya data zikaanza kununua HBM kabla haijatengenezwa.

Na HBM inatoka kwenye shamba lilelile la RAM ya laptopu. Viwanda huchonga chipu kutoka kwenye kaki, yaani visahani vyembamba vya silikoni, na kaki hazizai kwa siku mbili. Micron imesema kwamba biti zilezile zikitengenezwa kama HBM3E, kizazi kimojawapo cha HBM, hula kaki kama mara tatu ya zile za DDR5. Kila kaki inayokwenda kwenye HBM inaacha pengo kubwa upande wetu. Juu ya hapo, watengenezaji walikuwa wakipunguza DDR4 kwa kuwa ni kizazi kinachostaafu, hata katikati ya 2025 ikafika wakati sokoni DDR4 ni ghali kuliko DDR5. Desemba 2025 Micron ikatangaza inaiacha biashara ya Crucial, chapa yake ya RAM na SSD kwa wateja wa kawaida, ili ielekeze nguvu kwa wateja wakubwa. Niliposoma habari ile nilijua simu yangu ya Kariakoo itakuwaje.

Sisi wa Tanga tungepaswa kulielewa soko hili kuliko wengi, kwa sababu tumelelewa na mkonge. Dkt. Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo yakatoka mashamba yaliyojenga mji huu. Wakati wa vita vya Korea bei ilipaa, na kila mwenye ardhi akataka kupanda. Lakini mkonge hauvunwi mwaka uleule. Unapanda bei ikiwa juu, unakata miaka mitatu au minne baadaye pamoja na wenzako wote mliopanda siku moja, na bei imeshaanguka. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za plastiki zikaja, rahisi kwa bei, na wazee wetu wakaona mashine za korona, zile za kuchambua nyuzi za mkonge, zikinyamaza moja baada ya nyingine.

Kiwanda cha kumbukumbu ni shamba la mkonge lenye gharama ya mabilioni ya dola. Uamuzi unafanywa bei ikiwa juu, uzalishaji unaanza miaka kadhaa baadaye, na wote hufika sokoni pamoja. Qimonda ya Ujerumani ilifilisika 2009. Elpida, tumaini la mwisho la Japani kwenye DRAM, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2012 na mwaka uliofuata ikachukuliwa na Micron. Wakubwa waliobaki ni Samsung, SK Hynix na Micron, ambao kwa pamoja wanashika zaidi ya asilimia 90 ya soko la DRAM duniani.

Wauzaji watatu ni wachache mno kwa kitu ambacho kila shule, hospitali na ofisi inakihitaji, na hili silisemi kwa kukisia. Mwaka 2005 Samsung ilikubali kulipa faini ya dola milioni 300 nchini Marekani kwa kushiriki kupanga bei za DRAM na washindani wake, na Hynix ya wakati huo ilitozwa milioni 185. Ndiyo maana naifuatilia CXMT ya China, iliyoanzishwa 2016 na sasa inatengeneza DDR5. Haijalishi unaipenda siasa yake au huipendi, muuzaji wa nne akiwa na mzigo wa kutosha anasaidia mwanafunzi wa Muheza kupata kompyuta.

Viwanda vipya vinajengwa Idaho, Marekani, na Yongin, Korea Kusini, lakini havitajaza rafu za Kariakoo mwaka huu. Kwa hiyo nawaambia wateja wangu hivi: kama mashine inafanya kazi, vumilia. Kama bado ina diski ya kuzunguka, anza na SSD, kwa sababu kutoka miezi minne kwenda siku moja utaiona tofauti kuliko kuongeza RAM. Flashi nayo imepanda, lakini hiyo ndiyo hatua yenye faida. Na kama lazima ununue RAM, soma kizazi kwanza. DDR3 ya laptopu ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na mkato wa kila moja upo mahali pake. Kijana mmoja alilazimisha DDR3 kwenye nafasi ya DDR4 aliyoambiwa na muuzaji wa mtandaoni kwamba "inaingia tu", akavunja soketi, na madabodi ikawa ndiyo gharama. Ukinunua laptopu mpya, uliza kama RAM imechomelewa kwa risasi kwenye madabodi, haichomoki. Ikiwa hivyo, ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Mwalimu sikumuuzia RAM mpya. Kwenye rafu nilikuwa na laptopu iliyoingia maji ya mvua, bodi imekufa. Nikatoa gigabaiti 4 za DDR4 zilizokuwemo, nikazipima usiku kucha kwa programu ya kukagua kumbukumbu, asubuhi hazikuwa na kosa hata moja. Nikazichomeka. Akafungua alama za wanafunzi, akafungua intaneti, akafungua na kitu cha tatu kunijaribu.

Siku hizi nina kasha la viatu lililojaa vipande nilivyovitoa kwenye mashine mbovu, kila kimoja nimekiandikia kizazi, ukubwa na volti kwa kalamu ya marka. Wiki iliyopita mtu wangu wa Kariakoo alipiga simu kuniuliza kama ninavyo vya kumuuzia.